Machungwa katika Njia ya Ndovu

Jumatano, 5 Agosti 1964
Nimeshona suruali mbili. Baada ya alasiri nikapakia baiskeli tena. Pampu, viraka, gundi, spana, mpira wa akiba, tochi, panga, blanketi, msala. Ikaanguka kwa uzito. Nikapakua.
Hamisi, rafiki yangu tangu chuoni, ana kifurushi kimoja cha nguo. Ati tunakwenda kutembea, hatuhami. Anataka tupakizane kwa baiskeli yangu, tupite njia ya msituni hadi Kwale kwa dada yake, kisha tushukie Tiwi, turudi kwa njia ya Diani. Nchi ni yetu sasa, asema, tuione.
Naogopa. Mwezi uliopita ndovu alimuua mchoma makaa katika njia hiyo hiyo. Sanda yake niliishona mimi.

Alhamisi, 6 Agosti
Blanketi nimeliacha. Panga nimelitoa, nimelirudisha, nimelitoa. Litamfanya nini ndovu?
Mlinzi wa msitu alikuja kuchukua kaptula yake. Nikamwuliza habari za ndovu, kama mtu anayeuliza tu.
"Beba utakacho," akasema, "ila matunda mabivu usibebe. Ndovu huyanusa kutoka mbali."


Ijumaa, 7 Agosti
Baada ya swala Mama ameleta kikapu cha machungwa. Ameyachuma mwenyewe, na goti lake lile bovu.
"Njiani kuna kiu, mwanangu."
Nilitaka kukataa. Nikasema, "Ahsante, Mama." Nitayagawa Lukore, kabla ya msitu. Panga linabaki nyumbani. 

Jumamosi, 8 Agosti
 Tuko Kwale. Tu hai.
Lukore hakuna aliyeyataka machungwa. Kila mtu ana yake shambani. Kuyatupa nikaona haya, kwa ajili ya Mama. Tukaingia nayo msituni.
Penye mlima tulishuka, tukawa tunasukuma. Hamisi akasimama.
"Mwinyi. Iache baiskeli," akasema kwa sauti ya chini.
Nilidhani ni kivuli cha miti. Kivuli kikapiga masikio. Nikaiacha. Tukarudi mbio tulikotoka, tukalala nyuma ya gogo. Nikasikia machungwa yakipasuka. Kisha vyuma. Nilijikojolea, na Hamisi aliona.
Alipokwenda zake ndovu, gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama chapati. Hamisi akanivulia shuka lake, nikajifunga. Baiskeli nimeibeba begani hadi hapa. Njia nzima sikuthubutu kutazama nyuma.

Jumapili, 9 Agosti
Asubuhi nimekaa uani na chai. Kijiti kikavunjika nyuma yangu. Nikaruka, chai yote ikamwagika.
Alikuwa Mwanasha, dada yake Hamisi, akivunja kuni za kupikia. Akanitazama.  Alinitilia chai nyingine. Kisha akakusanya kuni zake zote ndani ya leso, akaenda kuzivunjia mbali, nyuma ya nyumba ya jirani.