Nilibandika Tangazo, Nikalibandua

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimefika mahali hata chai hainipiti kooni, na hakuna ninayeweza kumwambia haya, mume wangu kila nikitaka kumwanzia naishia kumuuliza kama amefunga geti.

Mimi ni karani wa masijala katika bodi ya mipango ya mji wetu, nina miaka arobaini na mbili, mafaili yote yanapita mikononi mwangu, na kazi yangu nyingine ambayo watu hawaijui ni kubandika matangazo. Bodi ikitaka kubadili kanuni yoyote ya ardhi, sheria inasema tangazo likae mahali panne kwa siku thelathini mfululizo, mwenye pingamizi aandike, kisha kiitwe kikao cha wazi watu waseme ya moyoni, ndipo wajumbe wapige kura. Bila tangazo hayo mengine yote ni bure, na wa kubandika ni mimi.

Sasa mji wetu una eneo oevu upande wa chini, matete matupu, maji ya mvua yanashukia huko na kutulia, na kanuni ya zamani ilikataza mtu kujenga ndani ya mita sitini kutoka kwenye matete. Mwaka juzi ikaja rasimu ya kuzifanya mita ishirini, kwa sababu kuna tajiri alitaka kujenga maghala pale, na afisa mipango ambaye ndiye bosi wangu, tunamwita Bwana Dakika kwa jinsi asivyoacha kuangalia saa, akaniita akanipa karatasi nne akasema, "Bandika, piga picha, bandua, rudi."

Nikamuuliza, "Na zile siku thelathini, bosi?"

"Picha ina tarehe. Ukiyaacha yatachanwa, halafu tuambiwe hatukuweka. Na watu wa kule chini wenyewe hawasomi, utajisumbua bure."

Mshauri, wakati ule nilikuwa na miaka tisa ya mkataba wa muda, kila mwaka naomba upya kama mgeni, na faili langu la kuthibitishwa kazini lilikuwa mezani kwake, nililiona kwa macho yangu, limelala chini ya kikombe chake. Nilichukua pini zangu nikatoka. Nilianza ubao wa ofisini kwetu, nikaenda geti la soko, nikaenda zahanati, nikamalizia kwenye nguzo ya kule kwenye matete, kila mahali nabandika, napiga picha, nabandua, na ndani ya saa moja na nusu nilikuwa nimerudi kwenye kiti changu.

Kikao cha wazi kilipofika hawakuja watu. Alikuja wakili wa tajiri na wazee wawili waliokuwa na shida yao ya mpaka wa shamba, mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, wajumbe wakapiga kura papo hapo, akasema kanuni imepita, na muhtasari nikauandika mimi, nikaandika kwamba tangazo lilibandikwa kama sheria inavyotaka. Baada ya miezi miwili barua yangu ya kuthibitishwa ikatoka. Nilimpelekea dada yangu aione kabla hata ya mume wangu.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka saba, yeye akiwa na kumi na sita, akaacha shule ili mimi niende. Sasa ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na nyumba yake iko mtaa wa chini kabisa, ukitoka mlangoni unayaona matete. Na nisikilize, mshauri, dada yangu anasoma kila kitu. Akinunua sabuni anasoma karatasi yake, dawa za mumewe anasoma maelezo yote mpaka yale maandishi ya sisimizi, na zahanati alikuwa akienda kila Jumatano kumchukulia shemeji dawa za kifua, na akingoja zamu yake alikuwa anausoma ule ubao kuanzia juu hadi chini. Bosi aliposema hawasomi nilimfikiria dada, na bado nikaenda kubandua.

Malori yakaja kumwaga vifusi, maghala manne yakasimama kwa safu na ukuta mrefu mbele yake. Mvua za mwaka jana zilipochanganya, maji yakashuka kama siku zote kutafuta mahali pao, yakakuta ukuta, yakageuka. Ilikuwa saa tisa alasiri. Dada alinipigia simu kazini, akasema bila kupiga kelele, "Njoo unisaidie kumwinua shemeji yako, maji yameingia chumbani." Nilipofika yalikuwa yamefika magotini, shemeji amekalishwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, anahema kwa shida, na aliponiona akasema, "Haya, serikali imefika, mpeni kiti." Ndivyo alivyozoea kunitania, serikali. Tulimbeba mgongoni hadi kwa jirani. Kile kifua hakikuvumilia ule unyevu, siku ya tisa akafa.

Hapo ndipo penye kinachoniua. Wiki moja baada ya mazishi, tunaanua magodoro yaliyokataa kukauka, dada akaniuliza, "Wewe uko palepale ofisini. Hivi hiyo karatasi ya kubadili mita iliwahi kubandikwa kweli?"

Nikasema, "Ilibandikwa, dada."

"Na zahanati?"

"Na zahanati."

Akasimama na godoro mikononi, akafikiri, akasema, "Basi ilinipita. Nitakuwa nilikuwa na mawazo."

Tangu siku hiyo anawaambia watu hivyo. Mtaa mzima umelalamika kwamba hakuna aliyeona tangazo, wameandika barua, wanataka kanuni irudi mita sitini, na yeye peke yake ndiye anayesema huenda lilikuwepo, anasema, "Mimi ndiye napita pale kila Jumatano, mimi ndiye ningewaambia wenzangu, nilipofuka." Jirani yake mmoja ameacha kumsalimia. Amekonda, cherehani imefunikwa, na juzi nilimkuta zahanati amesimama mbele ya ule ubao, hana dawa ya kumchukulia mtu, anasoma tu.

Sasa bodi imeitisha kikao Alhamisi hii kusikiliza malalamiko, na mwanasheria wa bodi ameniandalia hati ya kiapo niweke sahihi, inasema mimi karani nilibandika na tangazo likakaa siku thelathini. Bwana Dakika ameniambia nikisaini yameisha, nisiposaini nitaeleza mwenyewe muhtasari ule ulitoka wapi. Karatasi zile nne ninazo bado, zimo kwenye droo yangu chini ya fomu za likizo, zina matundu ya pini, sijui kwa nini sikuzichoma. Nikisema kweli nakosa kazi na pengine nashtakiwa, na dada atajua. Nikisaini, dada ataendelea hivyo mpaka afe. Nina watoto wawili shuleni. Nifanye nini, mshauri? Nimechoka hata kulia.

Mimi, karani wa masijala.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, namba ya simu uliyoiandika pembeni ya barua nimeitumia, maana Alhamisi isingelingoja gazeti. Kwa hiyo wasomaji wajue kwamba haya ulishayasikia kwa sauti yangu, na nimeyaandika karibu kama nilivyokuambia.

Nakuhurumia kwa ile miaka tisa. Kumfanya mtu mzima aombe kazi yake upya kila mwaka, kisha faili lake uliwekee kikombe juu, ni ukatili, na bosi wako alijua anachokifanya. Nimeona ofisi za namna hiyo. Hapo niko upande wako.

Lakini baada ya hapo siko upande wako tena. Kubandua uliagizwa. Muhtasari uliuandika wewe. Na siku ile ya magodoro hakuna bosi aliyekuwepo, hakuna faili, hakuna mkataba. Alikuwepo mwanamke mfiwa aliyekuuliza swali la wazi kwa sababu alikuamini, ukamjibu uongo, na uongo wenyewe ukamgeuza yeye kuwa mkosaji. Unaniandikia kwamba amekonda, kana kwamba ni ugonjwa umempata. Umemkondesha wewe, mama. Hata leo unaponihesabia utakachokosa, kazi umeitanguliza, dada akaja nyuma.

Kwa hiyo nilikuambia hivi. Ile hati usiisaini, wala usiiguse, wala usimwambie Bwana Dakika utaifikiria. Toa hizo karatasi nne kwenye droo leo hii, na zile picha kwenye simu yako usizifute, maana saa zake zinaonyesha mahali pote panne ndani ya saa moja na nusu ya asubuhi moja, na hakuna hata picha moja ya siku zilizofuata katika zile thelathini. Upeleke hayo kwa wakili wako mwenyewe. Yule wa bodi analinda bodi. Mweleze wakili kila kitu, pamoja na lile agizo la bosi, akuandikie maelezo yako uyasome Alhamisi mbele ya wote. Mume wako umwambie jioni hiyohiyo, acha habari za geti. Watoto ni wake pia, ana haki ya kujua nyumba inaelekea wapi.

Na kabla ya bodi, dada. Si baada ya kikao, wala si siku hiyohiyo mkiwa ukumbini. Nenda kwake mchana, mwambie kwamba tangazo halikukaa, kwamba halikumpita, kwamba hakuna siku hata moja ambayo angeweza kulisoma. Nilikukataza kulia mbele yake ili asilazimike kukubembeleza, na nilikukataza kuomba msamaha siku hiyo. Ulikuwa unakwenda kumpa kitu chake, si kuomba.

Ulinipigia Ijumaa, kikao kikiwa kimepita, ukanisimulia yaliyotokea. Umeniruhusu niyaandike.

Ulikwenda Jumanne. Ulimkuta anafagia, ukasema yote ukiwa umesimama. Akakuuliza jambo moja tu: "Zahanati ulibandika siku gani?" Ukamwambia Jumatano, ukamtajia na tarehe, saa nne na robo. Akaweka ufagio ukutani. Akasema siku hiyo alifika saa nne na nusu, anaikumbuka kwa sababu mvua ilimchelewesha njiani na alikuta foleni ndefu. Alisimama chini ya ubao ule ule karibu saa nzima. Kisha akakuambia, "Nenda kazini, utachelewa," akaingia ndani.

Alhamisi ulisoma maelezo yako, ukaweka karatasi nne mezani, na mwenyekiti akazigeuza moja moja akitazama matundu. Kanuni mpya imesimamishwa, mita sitini zimerudi mpaka mchakato uanze upya tangu tangazo. Maghala yatabaki, kwa sababu wakati yanajengwa kibali kilikuwepo, na hakuna mjumbe aliyethubutu kugusia kuyavunja. Maana yake mvua zijazo maji yatarudi kule kule. Wewe umesimamishwa kazi. Bwana Dakika amepewa likizo, na kesi yako itasikilizwa kabla ya yake. Jirani aliyekuwa hamsalimii dada yako alimfuata nje ya ukumbi akamshika mkono, wakaondoka pamoja. Dada yako alipita karibu nawe kama mtu anavyopita karibu na kiti.

Sasa unaniuliza umtume nani akakuombee, maana simu hapokei na mlango hafungui.

Usimtume mtu. Usimwandikie barua, usimpelekee chakula, usiwatume watoto wako wakamlainishe moyo, hiyo ni hila na ataijua. Amempoteza mume, na sasa amempoteza na yule mtoto aliyemlea, na huyo wa pili anapita barabarani kila siku akiwa mzima. Mwache. Wewe hangaikia kesi yako, tafuta kibarua, na bodi itakapoitisha maoni upya nenda ukakae na watu wa mtaa wa chini, kwenye kiti cha nyuma, useme unachokijua kuhusu kanuni zile, maana unazijua kuliko wote pale. Ufanye hivyo hata kama dada yako atahama kiti akikuona.

Siku atakayotaka kuzungumza atakuita, naye atachagua aseme nini, nawe utasikiliza mpaka mwisho. Asipokuita kabisa, mwanangu, hilo nalo ni jibu lake, na ulipokee bila kumsumbua.