Kwako Wewe Niliyekataa Kukuita Baba

Kwako wewe,

Unisamehe kwa kuanza hivi. Ndivyo nilivyokuita miaka kumi na mitatu. "Wewe, chakula kiko tayari." "Wewe, unaitwa." Jina ulilolitaka unalijua, na sababu ya kukunyima unaijua pia, lakini leo nitaisema yote, hata wasiotujua wasikie.

Unakumbuka tulivyofika Nyansiongo? Mimi nina miaka minane, Rajabu mdogo wangu ana minne, tumetoka Tanga tulikozaliwa, kwenye mashamba ya mkonge alikofanya kazi mumeo, baba yetu. Mama yetu tulimzika kulekule. Mumeo alikuwa amepata kipande cha shamba lililoachwa na Mzungu, akatuleta kwao, kwako, mke aliyekuwa amemwacha nyumbani bila mtoto. Kwao, si kwetu. Sisi tulijua Kiswahili tu. Baridi ya kukunja vidole hatukuwahi kuiona, na ule ugali wenu wa wimbi Rajabu aliuita matope. Wewe ulicheka. Mumeo hakucheka.

Siku ya tatu ndugu zake walijaa uani. Rajabu akaja mbio: "Baba! Baba, nina njaa!" Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia mumeo afungue shati amnyonyeshe. Jamani, tungejuaje? Kwa Kikisii, mama ndiye huitwa baba, na baba huitwa tata. Kule Tanga mtu huyuhuyu aliitwa baba kila siku, akaitika, akatubeba mabegani. Siku hiyo aliinuka akampiga Rajabu kofi la mdomo, jino likatoka.

"Mimi ni tata!" alinguruma. "Baba ni huyu mwanamke!"

Haya, mwambie mtoto wa miaka minne asahau. Kutwa alijitahidi, tata, tata, lakini fimbo ikimshukia angesema nini? Mtoto aliyekulia Kiswahili akipigwa hulia, "Nisamehe baba!" Na kila alipolia hivyo, mtu yule alizidisha. Alimpiga kwa kuomba msamaha! Nasema wazi, nilitamani afe. Radi impige, ng'ombe amkanyage, chochote.

Ndipo ukabuni ujanja wako. Popote ulipokuwa, jikoni, mtoni, katikati ya pareto, ukisikia tu "Baba!" uliitika kwa sauti ya kufika barabarani: "Ee, naja!" Ukaja mbio, ukamnyakua Rajabu. "Ameniita mimi," ulisema kwa Kiswahili chako cha kuungaunga. "Mtoto iko na njaa." Mumeo angefanya nini? Neno lilikuwa lako. Mara nyingi uliiwahi fimbo. Mara nyingine ulifika katikati, ukapigwa wewe.

Nami sikukushukuru. Nilikuona mjinga.

Siku ya pareto ndiyo nisiyoweza kuisahau. Maua yalikuwa yameanikwa kwenye mikeka, yamekauka, tayari kupelekwa sokoni. Rajabu akamwachia ndama kamba, ndama akaingia akayavuruga yote. Mumeo hakutafuta fimbo. Alichukua mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilitua mgongoni. "Nisamehe baba!" La pili. "Baba! Baba!" Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maji kichwani. Hata kuitua sikuitua.

Ulipanda kutoka bondeni ukipiga kelele, "Ee, naja! Naja!", ukajitupa juu ya mtoto. Mpini ukakushukia mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu.

"Toka!" mumeo alinguruma. "Ananiita mimi! Ananitukana!"

"Tiga!" ulimfokea. Acha. "Hapa kwa boma hii, mtoto akiita baba, ni mimi."

Mpini ukamponyoka. Ukauokota kwa mkono mzima, ukamtandika nao gotini, mara mbili. Mungu anisamehe, nilifurahi! Alianguka juu ya pareto yake akilia kama tulivyolia sisi. Alichechemea mpaka alipokufa, na hakumgusa Rajabu tena.

Wiki ile mkono wako ulikuwa umefungwa kwa vijiti na nyuzi za mgomba. Ulikuwa ukimenya ndizi, mimi nakushikia. Ukaniuliza, "Na wewe? Utaniita baba lini?"

Nikakujibu, "Baba ndiye aliyekuvunja mkono. Sitakuita jina hilo."

Uliinamia ndizi zako. "Haya, niite wewe. Bora tu uniite."

Basi nikakuita wewe. Nilikuita wewe nikienda chuo cha ualimu, nikakuita wewe uliponiletea ndizi Nyaramba ninakofundisha, ule mkono uliopinda ukishikilia kikapu. Rajabu ameota ndevu akikuita baba mbele za watu, nawe ukiitika vilevile, "Ee, naja!", hata mkiwa mmeketi pamoja. Mimi kila nilipofungua mdomo ulinitazama. Nilijua unangoja nini, nikakunyima. Kiburi tu, hakuna kingine.

Jumapili iliyopita tulikuzika. Rajabu alilishika jeneza akaita, "Baba!" Na mimi, mjinga wa kweli, niligeuka nikatazama bondeni kwenye pareto, nikingoja uitike.

Kimya. Nilijiuma mkono mpaka damu ikatoka. Jina lilikuwa lako tangu siku ile ya mpini, na mimi nikaliacha likae kwa mtu aliyekuvunja.

Nimechelewa, najua, lakini nakuita. Baba. Baba yangu. Usikimbie, njoo polepole. Leo hakuna anayepigwa.

Binti yako