Chokaa Iliyotoka Kidoleni kwa Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mama yangu hajatupwa nje, maana mume wangu ana bucha na miaka ya nyuma alikuwa akichechemea mara mojamoja tukasema ni kusimama sana kazini, hata marehemu baba yake alikuwa na mguu wa hivyohivyo, sasa mwaka jana mama alipofiwa na mumewe akahamia kwetu, na wiki ileile kidole gumba cha mguu cha mume wangu kikavimba ghafla, chekundu, cha moto, shuka likikigusa tu mwanaume mzima anapiga mayowe, akasema mama amemtegea uchawi mlangoni, nami nikacheka nikidhani ni maumivu yanaongea, uvimbe ukapoa, ukarudi, ukapanda hadi gotini, na kila maumivu yakirudi anatafuna vidonge vya maumivu vya duka la dawa kama karanga na kushushia bia, nami kwa huruma nampikia figo na maini yaliyokosa wateja ili apate nguvu, lakini juzi nundu iliyokuwa imeota kitambo kwenye kidole chake cha mkono ikapasuka ikatoa kitu cheupe kama chokaa, mshauri, chokaa ndani ya mtu! akakiweka kwenye kisosi akamwekea mama mbele ya wanangu, "Mama mkwe, kazi yako hii. Jumapili nisikukute." Mama hali chakula, ananiambia, "Mwanangu, acha niondoke, ndoa yako isivunjike kwa ajili yangu," na hana pa kwenda, mume naye siku hizi uso umevimba na mkojo anapata kidogo, na mimi, Mungu anisamehe, jana nilimwona mama akifagia kizingiti nikasimama kumchunguza mikono. Nifanye nini?

Mke wa Mwenye Bucha

Mama watoto, pole. Lakini umchunguze mikono mama aliyekuzaa kwa ajili ya kisosi? Aibu! Huo ni ugonjwa, unaitwa jongo. Damu ikizidi tindikali ambayo figo zingeitoa kwa mkojo, hiyo tindikali huganda kwenye viungo, na vinundu vya unga mweupe huchukua miaka kujijenga. Umeandika mwenyewe kwamba alichechemea kabla mama hajaja, na baba yake pia. Mama aliwarogea wapi, tumboni mwa bibi yake mume wako? Bia, nyama nyingi na hayo maini yako ndiyo yaliyouchochea moto.

Kinachonitisha si kidole. Uso kuvimba na mkojo kupungua ni figo zinalia, na vile vidonge vya kutafuna ovyo huziua. Sikudanganyi, huenda mmechelewa.

Apelekwe hospitali leo, si Jumapili. Beba makasha ya dawa zote, apimwe damu na figo. Vidonge vya maumivu na bia viishie hapo, na maini uza au tupa. Akigoma, waite ndugu zake wambebe, atukane akiwa njiani.

Mama yako asifunge hata kanga moja. Mambo yakienda nisikotaka kusema, hutabaki na mwingine wa kukushika.