Usifunge Duka kwa Kufuli Mchana

Kaptembwa,
Nakuru.
Tarehe 9 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu Mercyline,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Uko aje? Micah bwana yako yuko aje? Na mtoto, ameacha kukohoa na hilo vumbi la Isiolo? Sisi tuko. Baridi ya mwaka huu imekataa kuisha, na goti langu la kushoto linajua mvua inakuja kabla hata mawingu hayajajua. Lakini nakula, nalala, naenda sokoni. Mungu ni mwema.

Ninaandika kwa mkono kwa sababu kwa simu ukianza kukemewa unasema, "Kukhu, netiwaki inapotea." Karatasi haina netiwaki. Kaa chini usome yote.

Maxwel binamu yako alinisomea meseji yako. Ati unafunga duka mwisho wa mwezi. Ati cherehani iuzwe, na yeye akileta viazi huko na lori abebe meza na kioo avirudishe Nakuru. Ati watu wa huko hawakutaki, wateja wanapita mlango wako wakienda kushonewa kwingine, na majirani hata salamu yao ni ya mdomo tu. Niliskia uchungu. Hiyo kazi umeipenda tangu ulipokuwa mdogo ukinikatia mapazia na makasi, na nikakuchapa, na bado ukakata mengine. Gauni ulilonishonea Krismasi mpaka leo wananiuliza kanisani limetoka wapi. Kwa hivyo shida si mikono yako.

Nikamuuliza Maxwel, wewe hushukisha viazi huko kila mara, umeona nini? Akaanza kucheka. Akasema siku ile alipita kukusalimia akapata mlango umefungwa, kufuli kubwa, saa sita mchana. Mama wa mlango wa pili, yule anayeuza maziwa ya ngamia, akamwambia, "Dada yako ameenda choo. Akienda choo anafunga. Akienda kununua uzi anafunga. Akienda chai hapo tu ng'ambo, anafunga. Sisi tulidhani amekuja kufungua duka, kumbe amekuja kufunga." Na mzee mmoja aliyekuwa ameketi hapo akaongeza, "Jela yenyewe iko na kufuli ndogo kuliko hiyo."

Maxwel alicheka. Mimi sikucheka. Mercyline, adabu uliiacha wapi? Hiyo kufuli unajua inamwambia jirani nini? Inamwambia, wewe ni mwizi. Unamwambia hivyo asubuhi, unamwambia tena mchana, halafu unashangaa salamu yake ni baridi. Usiku funga, weka hata mbili, mimi si mjinga. Lakini mchana watu wa biashara huachiana.

Najua ulitoa wapi hiyo tabia. Ni kwa lile duka la nguo hapa mjini ulikoandikwa, tajiri wako alifungia kila kitu mpaka kijiko cha sukari. Sasa wewe ni wa kuiga huyo, na mimi nyanya yako nimezeekea sokoni?

Wamaitha unamjua, meza yake ya vitunguu imeshikana na yangu ya viazi. Ila hujui tulianza vipi. Baada ya ule mwaka wa vita vya uchaguzi mji huu ulipochafuka, tulirudi sokoni kila mtu na meza yake na hasira yake. Yeye Mkikuyu, mimi Mbukusu, hakuna aliyetaka kumwangalia mwenzake. Nikitaka kwenda haja nilikuwa nafunika viazi na gunia, nafunga kamba, natembea nikigeuza shingo kama kuku. Siku moja yeye akasimama, akajifunga leso vizuri, akaniambia tu, "Mama Wamalwa, niangalilie." Akaenda zake. Hakufunika hata kitunguu kimoja.

Nilikasirika, maana sasa alikuwa amenipa kazi. Mteja akaja, nikamuuzia. Mwingine akaja. Aliporudi nikampa pesa yake, na yeye hakuihesabu, akaisukuma kwa mfuko wa aproni akaendelea kumenya. Mercyline, huko kutohesabu ndiko kulikonimaliza. Kesho yake mimi nikasimama nikamwambia, "Niangalilie."

Juzi mwezi wa sita kifua kiliponishika wakanilaza hospitali, viazi vyangu vilikuwa tayari viko ndani ya lori vikitoka Molo. Na kiazi hakiambiwi kingoje mtu apone. Wamaitha alivipokea, akamwita Dalmas wa mkokoteni, akavipanga kwa meza yangu, akauza huku na huku. Halafu akaja wodini na uji, akasimama mbele ya manesi wote akasema, "Nanyama, wateja wako wanasema mimi nauza vizuri kuliko wewe. Wewe pona polepole." Nilitoka kwa hicho kitanda kabla daktari hajataka.

Sasa wewe uko na grupu yako ya kwa simu, wanawake wa biashara wengi, wanakutumia picha za maua na "usikate tamaa dada." Sikatai. Ulisema hao ndio walikufundisha kukata kola, hiyo ni faida, washike. Lakini mvua ikinyesha na nguo za wateja ziko kwa kamba nje, hiyo grupu itakuanulia?

Na yule fundi mwanaume wa huko juu, unayemwita adui. Maxwel anasema yeye ana mashine ya kufunga nyuzi za pindo na wewe huna. Mpelekee nguo zako afunge. Yeye ni mtu wa suruali na kanzu, gauni la bibi harusi atalifanyia nini? Akiona mkono wako atakutumia wanawake wanaotaka magauni. Fundi hujulikana na fundi mwenzake kwanza, ndio mteja amjue.

Jumatatu ukitaka chai, weka kiti mlangoni, umwambie mama wa maziwa akuangalilie, na uende. Usirudi mbio. Usichungulie kwa kona, watakuona na itakuwa mbaya kuliko kufuli. Kunywa hiyo chai mpaka iishe. Na yeye akienda kuswali, wewe simama kwake upime maziwa. Najua unawaza, je, kitu kikipotea? Kinaweza kupotea. Mimi nimewahi kupoteza karai nzima ya viazi Wamaitha akisinzia. Nilimtukana, akanitukana, tukala chakula cha mchana pamoja.

Maxwel anakuletea hii barua na gunia la viazi. Cherehani haiguswi. Nimemwambia akiipandisha kwa lori asikanyage kwangu.

Lakini siwezi kukulazimisha, wewe ni mtu mzima. Kaa hivyo mpaka Krismasi. Ukiona bado unataka kufunga, niite. Nitapanda gari na hili goti mpaka Isiolo, nikunje vitambaa na mikono yangu, nisiseme neno. Ila nitakuuliza kitu kimoja kwanza. Meseji yako yote ilikuwa "watu wa huku, watu wa huku," hakuna hata mtu mmoja mwenye jina. Nikifika nitakuuliza huyo mama wa maziwa anaitwa nani, na mtoto wake wa kwanza anaitwa nani. Ukikosa kunijibu, hatufungashi kitu.

Nisalimie Micah, na Mitchelle mdogo umpake mafuta kifuani. Baba yako Wamalwa anakusalimia, na shangazi yako Natasha. Wamaitha naye anasema ukija umshonee aproni, hii yake imeisha mifuko.

Mungu akuzungushie watu wema, na akupe macho ya kuwaona.

Wako akupendaye hata akikukemea,

Kukhu Nanyama