Siku Baba Alipomnusa Gwakisa

Mwanjelwa, Mbeya
6 Aprili 2025

Baba mpendwa,

…basi yale mapazia ya manjano tumeyatundika, na kila asubuhi jua likiingia Gwakisa ananiita "Bibi Harusi" kana kwamba tumefunga ndoa jana! Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Kwenye simu hunisikii vizuri, ndiyo maana naandika.

Baba, nina furaha mpaka naona aibu. Jioni tunamenya viazi pamoja, anaimba nyimbo za kwaya mpaka majirani wanaitikia. Ila kikohozi kinamkata katikati ya ubeti, mwezi wa pili sasa. Makohozi yamepimwa, TB hakuna. Zahanati walimuuliza, "Unavuta sigara?" Akacheka: "Baba mkwe alishaninusa!" Tukapewa dawa, tukarudi. Unakumbuka siku ya posa, ulivyomnusa vidole na kola mbele ya washenga? Pua yako imenipa mume safi!

Binti yako,
Frida

Kihesa, Iringa
19 Aprili 2025

Mwanangu Frida,

Marahaba, kamwene. Mguu unasumbuliwa na baridi tu.

Barua yako nilimsomea Sabina, yule jirani aliyestaafu uuguzi. Hakucheka. Nilimnusa mumeo kwa sababu mdogo wangu Kasian alikufa kwa saratani ya mapafu, sigara haikumtoka mdomoni. Nikadhani asiyevuta yuko salama. Sabina anasema zamani wanaume aliowauguza kwa saratani hiyo wengi walikuwa wavutaji, uvimbe ukiwa katikati, kwenye njia kubwa za hewa. Miaka ya karibuni hospitalini wanaona zaidi aina nyingine, inayoanza pembeni mwa pafu, na humpata hata ambaye hajawahi kushika sigara. "Huyo ndiye anayerudishwa nyumbani bila picha," kasema.

Apigwe picha ya kifua wiki hii. Wakimuuliza, aseme havuti, lakini asiondoke. Habari za pua yangu aziache.

Baba yako,
Didas

Mwanjelwa, Mbeya
2 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Barua yako nilimsomea Gwakisa, akanibusu kwenye paji la uso, akasema wazee mna hofu. Nami nilitaka sana kumwamini. Nikaiweka chini ya godoro. Mei akaacha kwaya. Juni pete ikaanza kumvuka kidoleni. Nikaizungushia uzi, tukacheka, kidogo. Jumatatu alikohoa damu kwenye shati lake la harusi.

Tumepiga picha. Doa liko pembeni kabisa mwa pafu la kulia. Wamechukua kinyama wakapime, majibu bado. Daktari alipouliza kama anavuta, Gwakisa alinitazama mimi. Nikajibu, "Havuti, lakini hatuondoki."

Bado ananiita Bibi Harusi, Baba. Anasema "Bibi," anavuta pumzi, ndipo anasema "Harusi." Namngoja amalize.

Anasema akija atakupa tena mkono wake unuse. Tandika kitanda cha dirishani, penye hewa. Majibu yatoke yasitoke, tunakuja Kihesa kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako,
Frida