Kijiji Kizima Kilipimwa kwa Mtoto Mmoja

Mpendwa Bi. Mshauri, shikamoo.

Naomba unitue mzigo, maana nimezunguka nao nyumba nzima na sijapata pa kuuweka. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza Mina, wa pili bado ananyonya na hata sasa ninapoandika nimempakata, kwa hiyo mwandiko ukienda upande usinicheke. Nimesoma hadi darasa la saba, nimeolewa katika kijiji kimoja kati ya Kaole na Mlingotini, mume wangu ni mtu mwema ila kazi yake iko Dar es Salaam, hivyo nyumbani tuko mimi na mama mkwe, Bibi Mwaija, ambaye amenilea kama binti yake wa kumzaa, na ndiyo maana jambo hili linanichoma.

Kabla ya masika walikuja watu wa utafiti kutafuta minyoo ya safura kwa watoto. Walifuatana na balozi wetu wa nyumba kumi, wakasimama mlangoni, hawakukaa wala hawakunywa hata maji, wakagawa maganda matupu ya kiberiti, kila mama atie humo choo kikubwa cha mtoto wake, aandike jina juu, wao watapitia kesho asubuhi. Sasa wewe unajua, Bi. Mshauri, kwetu kitu kilichotoka mwilini mwa mtoto hakipewi mtu baki, kitovu tunakizika wenyewe, nywele za kwanza tunazizika wenyewe, kwa kuogopa mwenye kijicho asije akakiokota akamfanyia mtoto sihiri. Na kumkatalia mgeni aliyeletwa na balozi, nako hakuna. Basi wanawake wakaitika inshallah, inshallah, gari likaondoka, wakamiminika uani kwetu kumwuliza Bibi Mwaija la kufanya.

Mimi siku hiyo sikuwapo, nilikuwa mjini Bagamoyo kwa mama yangu na huyu mdogo mwenye homa. Niliyasikia kisimani kwa jirani yangu Mwanvita. Alinihadithia kwamba Bibi Mwaija aliwaambia, "Mina wetu ana hirizi ya babu yake shingoni, huyu nani atamweza? Wenu wako wazi kama makapu. Leteni viberiti vyenu hapa." Mwanvita akamwuliza, "Bibi, mtoto mmoja atatutosha sote?" Akajibiwa, "Tangu jana huyu anakula maembe. Atatosha kata nzima!"

Nilicheka hadi ndoo ikanimwagikia. Lakini Mina, Bi. Mshauri, alikwisha kunyweshwa dawa ya minyoo hospitalini mwaka huu huu. Watafiti waliporudi na majibu walituambia, hongereni, watoto wenu wote wazima, dawa zitapelekwa vijiji vingine vyenye shida. Watu wakapiga vigelegele. Nami nilikuwapo, najua, nimesimama nao.

Sasa Ausi, mtoto wa Mwanvita, uso umevimba, viganja vimepauka kama karatasi, anabandua udongo wa ukuta anakula, wenzake wakicheza yeye amekaa tu anawatazama. Nikimwambia mama yake ampeleke mjini ananijibu, "Shoga, jina la Ausi liko kwao, limeandikwa hana kitu. Wakimkuta nayo wataniuliza kile choo kilikuwa cha nani."

Juzi akaja mkubwa wa wale watafiti, Daktari Mikidadi, safari hii peke yake, akavua viatu akakaa mkekani. Akasema ana wanafunzi wa utafiti, wanajua darubini lakini hawajui watu, na anataka wajifunze kufanya kazi pamoja na wanakijiji, si juu ya vichwa vyao, na kwa kuwa mimi nasomesha wenzangu darasa la watu wazima, anaomba niwafunze namna ya kuingia majumbani na kuzungumza na akina mama. Akasema, "Safari ile hapa kwenu ndipo tulipopokewa vizuri kuliko kote."

Alipoondoka, Bibi Mwaija akaniambia, "Nenda kawafundishe salamu. Mengine yafunike. Ukiitoa nje siri ya ua wangu, usiniite mama tena." Mume wangu naye anasema nisigombane na mama yake.

Nikisema, nawaaibisha wenzangu na kumpoteza mama. Nikinyamaza, nitasimamaje mbele ya wale vijana kuwafunza kuongea na watu, hali najua walichokipata kwetu ni uongo, na Ausi anazidi kupauka? Nimechoka, hata maziwa yanapungua. Nifanye nini?

Wakatabahu,
Mama Mina

JIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadili, hata la mtoto wako, kwa hiyo pumua.

Kabla hujasoma mstari mwingine: Ausi anakwenda hospitali kesho asubuhi. Fuatana na mama yake. Aseme mtoto anakula udongo na amepauka, basi. Mganga wa hospitali anatibu aliyeletwa mbele yake, hana habari na viberiti vya watafiti. Mtoto hawezi kungoja watu wazima wamalize kuoneana haya.

Sasa wewe. Kucheka kisimani sikulaumu, hata mimi nimecheka. Lakini siku ya vigelegele ulijua, na dawa zikaondoka unaziangalia. Usijifiche nyuma ya mama mkwe. Kumheshimu mzazi ni wajibu, ila heshima ile hailipwi kwa damu ya mtoto wa jirani.

Na Bibi Mwaija usimfanye mjinga. Aliwakinga watoto kwa kinga aliyoijua, kwa sababu hakuna aliyemwambia kile choo kinakwenda wapi na mabaki yake yanatupwa wapi. Waliokosa mwanzo ni wale wageni. Mtu anayesimama mlangoni kwako na balozi hajakuomba, amekuamuru, na ukiamriwa huna budi kuitika. Wao wakaona wamepokewa vizuri!

Kwa hiyo utaanza kwa mama mkwe wako, si kwa daktari. Usimwombe ruhusa ya kusema. Muulize: "Mama, wangeombaje ndipo ungewapa cha mtoto asiye na hirizi na roho yako ikatulia?" Kisha nyamaza umsikilize. Nadhani atakwambia kirudishwe, akizike mwenyewe. Mkishapata jibu lake, waiteni wale wanawake uani, pale pale, kila mmoja aseme sharti lake. Mwanvita naye awepo.

Ndipo umwendee Daktari Mikidadi umwambie kwamba vile viberiti si vya kutegemewa, avifute, wapime upya. Usitaje ua, usitaje bibi, usitaje hirizi. Akiuliza kwa nini, mjibu: "Hamkutuuliza tunaogopa nini." Mtu aliyevua viatu akakaa mkekani atalimeza hilo, japo kwa uchungu. Na kama hakulimeza, basi bora ujue sasa, kabla hujawapoteza wanawake wako kwa ajili yake.

Akikubali, wafunze wale vijana. Waje bila balozi, wakae, waeleze, waulizwe, na wakiambiwa hapana waage vizuri. Mama mmoja wa kijiji akae nao kwenye darubini aone wanachokiona. Mabaki yarudi kwa mwenyewe akazike. Majibu nayo yarudi, mazuri na mabaya, kwa kila mama faraghani, si kwa hotuba.

Na mwombe Bibi Mwaija akae pembeni yako siku ya somo. Hakuna chuo kitakachowafunza wale vijana kuijua inshallah ya mtu aliyekubali na ile ya mtu aliyekataa kwa adabu. Yeye anaweza. Nafikiri akiombwa kufundisha, ile siri haitakuwa aibu yake tena. Huenda akaitoa mwenyewe, tena kwa kucheka.

Asipotaka, akakununia, mvumilie. Mchotee maji, mpelekee chai, muite mama hata asipoitika. Lakini neno lako kwa daktari usilirudishe, na Ausi usimwache.

Hirizi ya Mina ibaki shingoni mwake, haimdhuru mtu. Ila safari hii kila mtoto apimwe kwa chake.