Nilivyokuwa Nikisema Sawa

Jumanne, Kihesa

Bado inaniuma. Kila jioni nikimenya viazi, binti yangu Neema hunitajia istilahi za fasihi ya Kiingereza na maana zake, daftari lake likiwa magotini pangu. Kiingereza sikijui. Nilikuwa nasikiliza tu kama anasema bila kusita, halafu nasema sawa.

Leo mwalimu wake kaniita. Jaribio zima Neema hajapata hata moja.

"Mbona nyumbani ulikuwa unajibu vizuri?" nikamuuliza njiani.

"Nilikuwa nasema lolote, Mama. Nilikuona unafurahi."



Jioni nikamwambia, "Nieleze kwa Kihehe, kama unamweleza bibi yako." Alianza na lile neno la kusema kitu huku unamaanisha kinyume chake. Akahangaika, mwisho akasema, "Ni kama shangazi anavyousifu ugali wako." Tukacheka. Hilo nimelielewa hata mimi.

Ila ni neno moja, na daftari zima limebaki. Mtihani wa kidato cha nne ni wiki ijayo.

Baba wa mbinguni, naogopa. Kesho nitakaa naye tena na viazi vyangu. Naomba umsaidie, wala usichelewe kunijibu.